Kukaa Ndani ya Hema Namba Saba

Mama Ngoie, aliyepokea funguo za magazini, yaani ghala la vifaa, baada yangu, alinijia nyumbani wiki ya pili ya pensheni yangu akiwa na daftari tupu mkononi. Akaniambia, "Baba Mwepu, weye ulikaa na hizi tante miaka yote. Andika. Ile siku utaenda, nitauliza nani?" Nitakwenda wapi, hakusema, na mimi sikumuuliza. Nilichukua daftari kwa sababu mtu wa pensheni hana sababu ya kukataa kitu chochote asubuhi.

Basi ninaandika, kwa ajili yake na kwa wale watakaokuja kuomba viatu na mahema, ambayo sisi tunayaita tante, kwenye dirisha lile la waya. Nitajaribu Kiswahili tulichofundishwa na mapadri, lakini watu nitawaacha waseme vile walivyosema, maana wengine wangekasirika nikiwatengenezea maneno. Mambo ya kupanda cheo siandiki. Nilipanda mara mbili, na mara zote mbili nilibaki kwenye kiti kile kile.

Kwa wasiojua: Kampuni ilichimba shaba, lakini kabla ya kuchimba lazima watu watembee porini miezi mitatu, minne, wakigonga mawe na kuchora ramani. Kulikuwa na wajiolojia, wapimaji, wachimba mitaro, na mpishi. Hao wote walilala ndani ya mahema yetu, walivaa viatu vyetu, walikunywa kutoka chupa zetu za bati. Magazini iko hapa Likasi, upande wa reli, na nyuma yake kuna uwanja wenye kuta tatu. Ukuta mmoja unatazama kiwanda. Mkumbuke ukuta huo.

Niliingia pale nikiwa kijana. Baba yangu alikuwa mvunja mawe ya chokaa Kakontwe, na alifurahi sana kwamba mtoto wake atafanya kazi kivulini. Aliyenipokea ni muzee Kapya, mshonaji wa mahema, mtu mfupi mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano. Hakuniuliza jina. Alinionyesha hema lililosimama katikati ya uwanja, akasema, "Ingia, ikala." Nikaingia, nikakaa chini, nikafikiri ananionyesha namna lilivyojengwa. Kisha nikasikia maji. Muzee alikuwa na mapipa mawili na ndoo, na alimwaga bila haraka, kwanza mgongoni mwa hema, kisha pembeni, kisha mlangoni, sigara mdomoni. Tone la kwanza lilinipata shingoni.

"Inavuja?" akauliza kutoka nje.

"Inavuja, muzee."

"Wapi?"

"Kwa shingo."

"Shingo yako haiko ku tante. Onyesha mushono."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Sheria ya muzee Kapya ilikuwa moja: aliyeshona hema ndiye anayekaa ndani, na hatoki mpaka sigara ya anayemwaga maji iishe. Tone likimwangukia, anafumua mshono wote na kuanza upya. Alisema, "Mwenye kushona njo atakuwa wa kwanza kulowana. Mujiolog atakuwa wa pili, kama tuko na bahati mbaya." Nililowana mwezi mzima. Mama yangu alifikiri nimepata kazi ya kuvua samaki.

Mlio vijana, jambo hili msiliache hata mkiambiwa haraka. Na mkiwa ndani, msiguse ukuta wa hema. Turubai la pamba likilowa, nyuzi zake zinavimba na kujifunga, maji yanapita juu. Ukiweka kidole kwa ndani, unayafungulia njia, na pale pale patadondoka mpaka mvua iishe. Wageni wote hugusa. Ukiwaambia wasiguse, ndipo wanagusa.

Sheria ya pili ni ya Likasi tu, sidhani kama kuna magazini nyingine duniani wanaifuata. Sisi tunaishi na moshi wa asidi. Kila mtu wa hapa anaujua kwenye koo, asubuhi upepo ukigeuka. Nguo ikiwa imelowa na moshi ule ukaipita, inachachuka. Turubai lenyewe ni nene, linavumilia. Uzi ndio unaokufa. Na unakufa bila kubadilika rangi, macho hayaoni kitu, mpaka siku ya upepo. Kwa hiyo muzee Kapya alikuwa analamba mshono. Kila hema lililorudi, kabla ya kuliweka kwenye rafu, alifunua pindo la mgongoni, akaweka ulimi. Likiwa chachu, alilifua kwa maji safi mara tatu na kulianika kivulini, upande wa reli. Kwenye ukuta unaotazama kiwanda hatukuanika hata soksi. Mzungu mmoja wa ofisi alitukuta siku moja, muzee na mimi, kila mtu analamba upande wake wa hema. Akasimama kidogo, akageuka, akarudi alikotoka. Tulisikia baadaye kwamba aliuliza kama wafanyakazi wa magazini wanapata posho yao ya unga.

Wakati serikali ilipokataza majina ya kizungu, Fulgence wa ubatizo wangu alibaki kanisani na mimi nikawa sitwayen, yaani raia, Mwepu. Karatasi zote za magazini ziliandikwa upya wiki nzima. Mahema peke yake hayakusumbuliwa, kwa sababu yalikuwa na namba tu. Muzee Kapya alisema yana akili kutuzidi.

Sasa viatu. Mtu akija kuchukua botini asubuhi, mrudishe, aje jioni. Mguu wa jioni umevimba, na porini mguu unavimba kila siku. Avae soksi nene atakazotembea nazo, asukume mguu mbele mpaka vidole viguse, halafu wewe ingiza kidole chako nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja, sawa. Vikiingia viwili, ataleta malengelenge. Kisipoingia hata kimoja, atarudi amebeba kucha zake mfukoni. Usimsikilize anayesema ngozi itapanuka. Ngozi inapanuka pale ambapo yenyewe imependa. Viatu vipakwe mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kipande cha mshumaa, moto moto, kwa kidole, hasa pale ngozi inapokutana na soli. Vikilowa, jaza magazeti ndani na uviweke mbali na mbabula, jiko letu la makaa. Nimeona botini nzuri zilizokaushwa kwa moto zikapasuka kama bukari ya jana, ugali uliokauka. Magazeti tulikuwa nayo mengi, yenye picha ile ile ya Rais ukurasa wa kwanza, na yalinyonya maji vizuri.

Chupa ya maji inuse kabla ya kuipokea. Kama imewahi kubeba petroli, hakuna majivu yatakayoitoa, hata mhusika akuapie kwa mama yake. Kamba za hema zifungwe kavu na zilegezwe mvua ikianza, maana kamba ikilowa inajikaza na inang'oa kigingi. Kitanda cha turubai kikunjwe miguu ndani. Uzi wa kushonea upitishwe kwenye nta ya nyuki mara mbili, na sindano ibaki kwenye mafuta. Hayo yote Mama Ngoie anayajua, lakini kuyaandika kunanifanya nijisikie bado ninafanya kazi.

Na kukunja. Hema kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe mbili kila mtu, mnavuta, mnatembea mkikaribiana mpaka mikono ikutane, mwenzako anakupa pembe zake, anarudi kuchukua pindo. Muzee Kapya na mimi tulikunja hivyo miaka mingi bila kuongea. Alipokwenda pensheni, na baadaye kaburini, hawakuniletea mtu mwingine; mlinzi wa lango alinimwagia maji tu, kisha akarudi langoni. Nikapigilia misumari miwili ukutani kwa urefu wa kifua. Ninatundika pembe mbili kwenye misumari, ninavuta pembe zangu, ninatembea kuelekea ukuta. Misumari ingalipo. Nimezoea kukutana na ukuta.

Mke wangu Mwadi alifariki katika miaka hiyo. Homa, siku sita. Hatukuwa na watoto. Nilirudi kazini siku ya nne kwa sababu nyumbani kulikuwa na viti viwili na mimi sikujua nikae kipi. Tangu hapo, nikimaliza kupima hema, nilikuwa ninabaki ndani kidogo baada ya maji kuisha. Ndani ya hema lililolowa kuna mwanga wa kijani na hakuna anayekuuliza umekula nini. Ninasema wazi: nilikuwa mpweke, na mahema yalinifaa.

Mtu mmoja alinitoa humo. Aliitwa Ilunga, mtu wa Kambove, kapita, yaani msimamizi, wa wale wanaotangulia kufungua kambi. Sauti yake ilifika dirishani kabla yake. Kila akirudi safari, hakuishia kutupa mizigo na kwenda kuoga kama wengine. Alikaa juu ya marobota ya turubai, akanitolea jiwe mfukoni, akanieleza kila hema lilisimama wapi. Mimi nilitunza vitu vya kulala porini miaka ishirini na sikuwahi kulala nje hata mara moja. Baba alitaka nikae kivulini, nikakaa. Ilunga aliniita Bwana Kivuli.

"Bwana Kivuli, tante yako ya nne ilikuwa pembeni ya mayi yenye kuanguka. Kulala hapana. Ni makelele tu, kama bibi wa mupishi."

"Ilivuja?"

"Haikuvuja. Minye nililamba mushono mbele ya kuondoka, vile ulinifundisha. Bantu banasema Ilunga alisharudia mutoto."

Niliyapanga mawe yake dirishani nyumbani. Akichelewa kurudi, nilikuwa ninahesabu siku kwenye kalenda ya parokia. Na kila mwaka aliniambia, mwaka hii nitakuchukua. Niliitikia kama mtu anayesikia salamu. Lakini mwaka mmoja iliandaliwa safari kubwa, miezi mitano juu kule kwenye milima ya Kundelungu, na safari hiyo ilihitaji mwenye magazini wa kambini. Ilunga akaja akasema, "Sasa ni kweli. Paka mafuta botini yako."

Nilimtii. Nilichagua botini zangu jioni, kwa soksi nene, kidole kimoja nyuma ya kisigino. Nilizipaka mafuta wiki mbili. Nilikuwa ninazivaa nyumbani baada ya kazi, ninatembea kutoka mlangoni mpaka kitandani na kurudi, ili zinijue. Jirani akaniuliza kama nina askari chumbani. Nilinunua kofia. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, na nilifurahi kama mtu anayekwenda kuposa.

Zikiwa zimebaki siku nne, Ilunga akaja dirishani. Hakukaa kwenye marobota.

"Nilikamata muntu mwingine," akasema. "Weye haujalala inje hata siku moja. Kule juu ni mbali, njia haiko. Kama unagonjwa, nitakubeba namna gani?"

"Nani alisema nitagonjwa?"

"Hakuna. Ni minye mwenye kuogopa. Usikasirike, Bwana Kivuli."

Nikamwambia sikasiriki. Nikamuuliza vigingi anataka vingapi.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kosa, na ni kosa langu, si la mtu mwingine. Hema namba saba, hema la kapita, lilikuwa limerudi limelowa kutoka safari nyingine. Kamba za upande wa reli zilijaa. Nilikuwa nimelianika kwenye ukuta unaotazama kiwanda, siku tatu, nikijiambia nitalifua na kulilamba kabla halijatoka. Ndiyo, hata hilo la kulianika pale lilikuwa baya, lakini lilikuwa na dawa. Asubuhi ya kuondoka nilisimama mbele ya namba saba. Mapipa yalijaa maji. Kulikuwa na muda wa sigara moja. Na mimi nikasema moyoni: alale mwenyewe. Sikulamba. Sikukaa ndani. Nililikunja kwa misumari yangu miwili, nikalipakia, nikaandika kwenye daftari la mahema: namba saba, limepimwa. Sikutaka lipasuke, Mungu anajua. Nilitaka tu, kwa mara moja, nisimfanyie kitu kizuri.

Mvua za kwanza zilimkuta juu kule. Waliorudi walisimulia. Dhoruba ilipiga siku mbili, na mgongo wa namba saba ukafunguka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ilunga alikuwa tayari na homa, amelala kitandani mle. Walimhamishia kwenye hema la mpishi, lakini alikuwa amelowa muda mrefu, na gari lilikuwa ng'ambo ya mto uliojaa. Alifika hospitali siku ya kumi na moja. Kifua kilimharibikia. Hakufa, lakini Ilunga yule wa sauti kubwa hakurudi tena.

Alipopata nguvu ya kutembea, alilileta namba saba mwenyewe. Lilikuwa kavu, limekunjwa vizuri, kamba zimefungwa pembeni. Akaliweka dirishani, akashika ukingo ili apumzike.

"Ilipasuka ku mugongo," akasema.

Nikasema, "Pole, ndugu yangu."

Akanitazama. Nilifungua daftari, nikaandika mbele ya macho yake: hema namba saba, turubai limechakaa, lisitumike. Turubai halikuwa limechakaa. Lilikuwa na misimu miwili tu. Ilunga alisubiri mpaka nikafunika kalamu, kisha akasema, "Haya, Bwana Kivuli, baki muzuri," na akaondoka. Hakuwa na jiwe siku ile.

Wakamweka kwenye kazi ya kukaa, mzani wa chokaa Kakontwe, kisha akaenda pensheni mapema, akarudi kwao Kambove. Kambove siyo mbali. Malori yanakwenda kila siku. Sikuenda. Alituma salamu mara moja kwa dereva, nikarudisha salamu. Nilijiambia anapumzika, nisimsumbue. Kweli ni kwamba niliona haya, na haya ikikaa miaka inakuwa desturi. Nilipoteza mtu mmoja niliyekuwa naye, na nilimpoteza kwa kuandika maneno matatu: turubai limechakaa, lisitumike.

Halafu Kampuni yenyewe ikaanza kuishiwa. Safari zikapungua, turubai jipya halikuja, nta nikanunua mwenyewe sokoni. Watu wa ofisi walikuja kuomba mahema ya harusi na ya matanga. Nikawa ninapima hema kwa ajili ya matanga: nakaa ndani, lakini mlinzi naye ameondolewa, hakuna wa kumwaga maji, kwa hiyo namwaga kwanza, halafu naingia mbio. Ukifanya hivyo unalowa mara mbili. Vijana, msikubali kufanya kazi hii peke yenu. Ombeni mtu. Mimi niliona aibu kuomba.

Wiki ya kukabidhi, Mama Ngoie alipitia rafu zote. Ni mtu asiyeamini daftari, na hiyo ni sifa. Alishusha namba saba, akalifungua sakafuni, akapiga magoti, akavuta turubai kwa mikono miwili.

"Baba, hapa uliandika imechakaa."

"Ndiyo."

"Lakini iko nzima. Angalia. Ni uzi tu njo ilikufa." Akafunua pindo, akalamba, kama nilivyokuwa nimemfundisha siku mbili kabla. Akatema. "Hata leo iko mukali. Nani alifanya hivi?"

Nilimwambia nitamjibu. Nikamwomba karatasi ya kulitoa, akanipa, na siku zangu za kwanza za pensheni nilizitumia kushona. Nililifua mara tatu. Nilifumua mgongo wote, nikashona upya kwa uzi wa nta, mistari miwili, kwenye meza ya Mwadi. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake. Lilipokwisha nikavaa zile botini, ambazo hazijawahi kutoka nyumbani, nikapanda lori la Kambove na hema mgongoni.

Ilunga alikuwa uani, kwenye kiti, shati limemzidi ukubwa. Mkewe Kabedi ndiye aliyenitambua kwanza. Ilunga alitazama viatu vyangu, kisha mzigo, akasoma namba iliyoandikwa kwenye mfuko.

"Bwana Kivuli," akasema. "Ulitoka ku kivuli."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalikimbia. Nikasema tu: niliianika ku ukuta wa kiwanda, siku tatu. Sikulamba. Sikuikala mule. Nilikuwa na hasira juu ya ile safari. Na niliandika uongo mbele yako.

Alikohoa muda mrefu. Kabedi akampa maji.

"Nililamba ule mushono kule kule juu," akasema alipoweza. "Mvua inanipiga, na minye niko nalamba tante. Ilikuwa mukali. Nilijua ile saa."

"Mbona haukuniambia?"

"Minye? Ni weye ulipaswa kusema. Nilileta tante ku dirisha, nikashimama. Nilingoya. Ukaandika." Akafuta mdomo. "Kisha nikangoya hapa."

Akanyanyuka kwa kushika kiti, akasema, "Shimamisha." Nikalisimamisha hema uani mwake, Kabedi akanishikia mlingoti. Ilunga akamwambia mkewe alete ndoo zote. Akanionyesha mlango wa hema kwa kidevu. Nikaingia, nikakaa chini.

Alimwaga mwenyewe. Kabedi alitaka kumsaidia, nikamsikia anakataa. Ndoo ya kwanza mgongoni. Akapumzika, akakohoa. Ndoo ya pili. Sigara alikuwa amekatazwa siku nyingi, kwa hiyo sikujua muda unaisha lini. Nilisikia kila pumzi yake kupitia turubai.

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Ikala kwanza."

Akamwaga ndoo sita. Nilipotoka, alikuwa ameegemea ukuta, jasho usoni, na mawingu yalikuwa yamefunika upande wote wa Likasi.

"Haitakauka leo," akasema.

"Nitangojea."

"Tante bichi haifungwe. Njo ulitufundishaka." Akafikiri. "Basi utalala mule."

Nikacheka kidogo, kwa woga, na kwa sababu ya miaka yote ile aliyoniahidi kunichukua. Nikamuuliza, "Na weye haukuji kulala mule?"

"Minye nilishaka kulala mule," akasema, akaingia nyumbani.

Kabedi aliniletea blanketi na sahani ya bukari, akaiweka mlangoni. Mvua ilianza kabla sijamaliza kula na ilinyesha mpaka alfajiri. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulala nje, hatua kumi kutoka ukuta wa mtu. Nililala chali nikitazama mshono wangu. Nilitamani tone moja liniangukie. Halikuanguka hata moja.

Jua lilitoka, na kabla ya saa sita turubai lilikuwa kavu. Nikang'oa vigingi, nikalitandaza, nikashika pembe mbili, nikatazama huku na huku kama mjinga. Uani kwa Ilunga hakuna misumari. Nilikuwa nimesimama hivyo, sijui nifanye nini, alipotoka, akainama taratibu, akashika pembe zile nyingine. Tulivuta. Tukatembea mpaka mikono ikakutana. Mikono yake ilikuwa baridi. Akanipa pembe zake, akarudi kuchukua pindo, tukakaribiana tena. Mara nne. Hakunitazama mpaka ya mwisho.

"Sasa andika mu kaye," akasema, maana yake daftari la mahema. "Ile ya kweli."

Mama Ngoie, hema namba saba liko kwenye rafu yake. Toa ukurasa wangu wa zamani, weka huu.

Hema namba saba. Turubai ni zima. Uzi uliuawa na moshi kwenye ukuta wa kiwanda. Mwenye magazini alijua, na hakukaa ndani. Aliyelowa ni Ilunga.